Mshika Sifuri

Kazi yangu si kubwa. Nashika sifuri.
Bwana Rweikiza anavuta tepu, anasoma,
mimi nabaki ukutani, kidole gumba
kimebana pale hesabu inapoanzia.

Leo Pasua, kiwanja namba mia na nne,
nyuma ya nyumba kubwa ya Mama Ndeanasia.
Banda la kuku limevunjwa,
pamesimama vyumba viwili vya tofali za saruji,
bati jipya linalowaka hadi macho yanauma,
choo chake, beseni lake, kiti kimoja mlangoni.

Mkazi ni Mzee Ndesario, baba wa mwenye kiwanja,
aliyeshushwa kutoka Kibosho wakati wa masika
magoti yalipoukataa mteremko.
Ngazi za nyumba kubwa nazo yalizikataa.

Sheria inataka mita moja na nusu toka mpakani.
Inataka ramani, muhuri, kibali, risiti.
Jirani anataka mwanga kwenye dirisha la jiko lake,
na hilo si dogo; nimeingia, nimeona,
saa sita mchana anachambua mchele kwa taa.

"Moja na kumi na mbili."
Pungufu sentimita thelathini na nane.
Upana wa mto wa kulalia.

Ningeweza kulegeza gumba.
Mimi mwenyewe nilizaliwa chumba cha uani, Njoro,
tumepanga kwa mtu, ukuta umeegemea uzio,
na hakuna aliyekuja kupima.
Sikulegeza.

Brashi ikachovywa. X nyekundu
ikachuruzika hadi kwenye kizingiti.
Mzee akaitazama kwa jicho lake zima:
"Ndiyo namba ya nyumba yangu?"

Tukakaa kimya. Binti yake
alikuwa ameshaanza kuhesabu siku thelathini.

Akasema, kwetu juu mpaka ni sale.
Ukimkosea mtu unachuma jani, unampelekea,
naye hana ruhusa ya kukataa.
Akainuka kwa fimbo, polepole, hadi kwenye uzio,
akachuma moja,
akampita Bwana Rweikiza na daftari lake,
akanipa mimi.

Tepu ilijirudi yenyewe kwa mlio wa nyoka.
Jani liko mfukoni hadi sasa, limekauka ncha.
Ofisini hakuna faili la kuliweka,
wala sijui nani kamkosea nani,
na nimeshalipokea.