Shoto

Kidole hiki kilichopinda kama ndoana
alikipinda Cibalonza. Jumanne, mwaka wa kwanza,
kwenye uwanja wa saruji nyuma ya oditwari,
mvua ya Bukavu imetulowesha tangu asubuhi.
Nilikuwa golini. Mpira sikuuona.
Niliusikia.

Alikuja timuni na viatu vya kaka yake,
karatasi zimesokotwa kwenye ncha.
Kocha Bagalwa akamuuliza: Nani alikufundisha kurusha?
Akajibu: Nyanya.
Tukadhani bibi yake, tukampa pole na heshima.
Kumbe nyanya, hizi za mchuzi!
Kule Kadutu, mlima umesimama kama ukuta,
alimrushia mama yake juu kibandani,
moja moja, kikapu hadi kikapu,
na iliyopasuka ndiyo chakula chake cha mchana.

Shangazi alikuwa akiufunga ule mkono kwa kitambaa
wakati wa kula. Shoto haipokei, alisema.
Haikukatazwa kutoa.

Mwaka wa pili niliandika magoli yake kwa mkaa
ukutani, tunapobadilishia nguo:
vistari vitano vitano, ukuta ukajaa.
Msimamizi akapita, akatikisa kichwa,
akadhani ni madeni yetu ya maharage.

Mwaka wa tatu, Goma. Meli ya usiku,
sisi sote tumeinamia ndoo, yeye anakoroma.
Fainali, sekunde nne, tumepungukiwa goli moja,
mwamuzi akanyoosha mkono: mita saba.
Watu walinyamaza hata nikasikia
jenereta ya jirani ikikohoa.
Akarusha.
Mlingoti ulilia ngee,
na mlio ule ninao mpaka leo.
Njia nzima ya kurudi hatukusemezana.
Yeye alikula maandazi, akafuta vidole:
Mlingoti ulikuwa pale kabla yangu.

Mwaka wa nne tulichukua kombe.
Sikio lake moja lilidondoka kwenye sherehe.
Wanaweka kalamu humo sasa, ofisi ya masomo.

Kisha klabu ya Kinshasa ikaita. Tiketi inakuja, walisema.
Inakuja Ijumaa. Inakuja mwezi ujao.
Bega likatangulia kufika:
asubuhi moja halikuinuka hata kuchana nywele.
Hakuaga. Ile jezi namba kumi na moja
niliikuta imeanuliwa, imekunjwa,
juu ya mfuko wangu.

Juzi nilipeleka mtoto zahanati ya Nguba, homa.
Maabara, koti jeupe, na shoto ile ile
inatafuta mshipa mdogo kuliko uzi.
Mtoto alisubiri maumivu, hayakuja.
Akatazama kidole changu: Bado hakijanyooka?
Nikasema: Bado hujaomba msamaha?
Akacheka. Akafinyanga pamba iliyotumika,
bila kugeuka akaitupa kwenye pipa la pembeni,
kiunoni tu, bega hata halikushtuka,

na mikono yangu miwili
ikainuka yenyewe.