Kiti cha Heldur

Seva yetu inakaa chini ya ngazi,
palipokuwa pakiwekwa gundi na makopo ya vanishi.
Hata leo ukifungua mlango
harufu ya msonobari inakupokea kabla ya mashine.

Muuzaji alipiga simu kutoka Tallinn,
sauti laini kama ubao uliopigwa msasa mara mbili.
"Bi Maarika, usihesabu mashine, hesabu viini vya prosesa.
Hata vikiwa vinane utalipia kumi na sita,
ndicho kiwango cha chini. Kisha hesabu watu."

Vilikuwa vinane.
Nikalipia kumi na sita,
kama mlaji wa sahani moja anayetozwa mbili
kwa kuwa meza yake ina viti viwili.

Kisha watu. Urve wa mishahara.
Taavi wa ghala, na mkewe anayemshikia zamu.
Mlinzi wa usiku, ambaye huigusa seva mara moja tu,
saa kumi alfajiri, akiandika "shwari":
naye ni mtu mzima, kibali kizima.

Mkataba una kurasa arobaini na moja.
Nimeusoma kwa miwani, nikausoma bila miwani,
sikuona palipoandikwa kwamba tumenunua kitu.
Tumeruhusiwa. Neno ndilo hilo.
Tunalipa kodi ya pango
kwa mwenye nyumba tusiyemjua sura,
na ufunguo ni safu ya herufi
niliyoibandika nyuma ya kalenda.

Randa ya Heldur ingali ukutani.
Aliinunua mwaka alioposa. Ikawa yake, basi.
Hakuna aliyepiga simu kuuliza
imeshikwa na mikono mingapi.

Majina yakafika thelathini na moja.
Vibali, thelathini.
Kijana mpya, Kaur, amesimama mlangoni,
theluji ikimyeyukia mabegani.
Nikashuka na orodha kwa kidole: wa saba, Heldur,
tuliyemzika Novemba.
Miezi mitatu tumemlipia kiti,
na kwa mujibu wa seva hajafukuzwa wala hajaaga.

Nikabonyeza kufuta. Kompyuta ikauliza: Una hakika?

Sikuwa nayo.
Nikaenda nikaipangusa vumbi randa,
nikarudi, nikabonyeza tena.

"Vua koti, Kaur. Keti.
Nywila yako iweke kichwani;
nyuma ya kalenda pamejaa."