Tisa ya Tatu

Chooni, stendi ya Dundee, wameweka taa ya buluu,
mshipa usionekane, sindano ikose njia.
Struan aliupata kwa kupapasa.

Nilifungua mimi, mwenye ufagio na funguo.
Sakafuni simu ya mwenzake, kioo bado kinawaka:
tisa, tisa.
Ya tatu, inayoita gari la wagonjwa,
hakuibonyeza.
Aliona pingu, akakimbia.

Mama yake Struan anataka wafungwe wote,
mpaka mwenye kidonge kimoja mfukoni.
Simbishii. Uchungu ni wa aliyezaa.

Ila sheria iliyomtisha yule kijana
haikuutisha unga.

Nikapiga deki. Chini ya taa ile
hata damu sikuijua ilipo.