Foleni ya Maji

Miaka tisa navuka daraja la Mzinga
asubuhi na jioni, uso kwenye simu,
sijawahi kuuliza yale maji yanakwenda wapi.

Leo nimeomba ruhusa. Nimeandika: shughuli za kifamilia.
Mwamvua binti Pazi ananitazama viatu,
anachekea puani:
"Vua. Humu kiatu hakina cheo."

Mtumbwi una viraka vya bati
na kopo la rangi la kukumbia maji.
Anasimama nyuma, anachoma upondo topeni,
tunaingia horini kama uzi tunduni mwa sindano.

Ghafla jiji linaisha.
Hapana, haliishi, linabaki juu ya majani:
honi za malori ya barabara ya Kilwa,
shingo za winchi za bandarini
zikichungulia kama twiga waliopotea njia.
Huku chini ni mizizi tu. Mikoko imesimama
kama watu wanaovuka mtaro, nguo wamezishika magotini.

"Huu mkandaa, gome lake tulitilia nyavu rangi.
Ule mchu. Lamba jani."
Nalamba. Chumvi.
Nina miaka arobaini na mmoja
na leo ndiyo kwanza mti unanikolezea mdomo.

Mdiria anapita, buluu, mara moja,
macho yanachelewa.
Kaa wenye gando moja kubwa wanalinyoosha juu
kama watoto darasani wanaojua jibu.
Na vile visamaki vyenye macho utosini
vinatembea topeni kwa mapezi
bila kumwomba mtu radhi.

Tulizidisha. Kosa langu: kila kona nasema, na ile?
Na Mwamvua, ambaye maji huyajua kwa harufu,
aliniachia, maana mlipaji ni mimi.
Saa sita mtumbwi ukagusa, ukakwaruza, ukakaa.

Simu inaita. Ofisini.
"Uko wapi, Chaurembo?"
"Nimekwama."
"Foleni?"
Natazama tope pande zote, linameta, linatoa vipovu.
"Foleni."

Tunakula mihogo ya kuchemsha kwa pilipili ya kupondwa.
Ananisimulia bei ya kaa wiki hii, sare ya Zarau mwanawe,
na mume aliyekwenda Mafia kununua injini,
injini ikarudi peke yake.

Ndipo naliona. Hatua ishirini, katikati ya mizizi,
jiwe la zege lililovaa chaza hadi kifuani,
namba imechorwa shingoni.
Naijua ile namba.
Niliichapa mwenyewe, Machi ya mwaka juzi,
kiyoyozi kikivuma, safu ya nne: ardhi tupu.

"Walikuja watatu na miavuli," anasema Mwamvua.
"Walipima, wakapima, maji yakawakuta, wakakimbia.
Wewe msomi, hebu nisomee. Limeandikwa nini?"

Nasema jua linanipiga machoni.

Hanijibu. Anavitazama vidole vyangu vya karani,
kisha anatazama kando,
anakumba maji ambayo hayamo.

Saa kumi bahari inarudi kimyakimya
kama mpangaji anayejua ufunguo unapofichwa.
Inajaza nyayo za yangeyange, mashimo ya kaa,
inalifikia jiwe, inaipanda namba:
saba inazama, sifuri inabaki kidogo, mdomo wazi,
nayo inakwenda.
Mtumbwi unanyanyuka bila kutuambia.

Ufukweni nauliza deni.
"Kwenda na kurudi, elfu kumi na tano.
Ya kukwama sikutozi," anasema.
"Pale hukukalishwa na mimi. Umekalishwa na mwenye pake."

Usiku, Mbagala, nanawa miguu mara tatu.
Kati ya vidole tope linabaki, jeusi, lanuka mayai.
Mke wangu anauliza familia gani hiyo
niliyokwenda kuishughulikia.

Kesho saa mbili kamili nitalifungua lile faili.
Safu ya nne. Sijui.
Naona viatu bado nimevishika mkononi.