Tao la Kumi na Nne

Halmashauri imenituma kupima jengo:
urefu, upana, nyufa, idadi ya madirisha,
wajue kama litafaa kuwa bweni.
Ncha ya pili ya futikamba kaishika Msabila, mlinzi,
anayenuka tumbaku kama ukuta wenyewe,

maana chama cha ushirika kilipanga marobota humu
miaka kumi na tisa, hadi kwenye mabega ya matao.
Altareni palikaa mizani.

Watawa walifika Sikonge na ramani ya nchi ya baridi,
kuta nene za kuzuia theluji.
Babu yangu Lugusha akawaonyesha kichuguu.
Udongo uliokwisha kutafunwa na mchwa, aliwaambia,
haupasuki tanuruni.
Wao wakamjibu kwa vidole.

Hivyo ndivyo alivyojifunza lugha yao:
kiganja juu ya kiganja, tofali;
kidole gumba shavuni, maji;
ngumi kifuani, nimekosa.
Akarudi nayo nyumbani.
Bibi Nyamizi, kwa kuchoka kuombwa chumvi kwa ishara,
siku moja aliimwaga yote mchuzini
ili mume wake aseme neno.
Babu akala, akamaliza,
akagusa shavu kwa kidole gumba.

Matao ishirini na saba yamezunguka ua.
Hakuna malaika, hakuna nakshi,
ni jua tu linalohama nguzo hadi nguzo
kama mtu anayetafuta alipoacha ufunguo.
La kumi na nne limepinda.
Napima tena. Limepinda.

Kwetu inajulikana: siku hiyo alizaliwa mama,
mtoto wa jirani akaja mbio akipiga kelele hadi kiunzini,
na Bruda Anselmi, miaka sita bila sauti, akacheka.
Mkono wa babu ukateleza.
Asubuhi walilitazama wote, likaachwa.

Waliondoka lini, kila mtu na mwaka wake.
Msabila anasema homa. Wengine, fedha.
Babu alipoulizwa alifunga kiganja polepole,
na hatukujua hiyo ni nini.

Mnarani kengele haipo. Nyuki wapo,
wanapiga kelele mchana kutwa
na asali imechora mstari mweusi ukutani.

Fomu ina sehemu ya kasoro.
Naandika: paa linavuja upande wa Tutuo.
Sakafu imeinuka. Boriti za mninga, nzima.
Msabila anasubiri, ameona nilichokipima.
Nafunga kalamu.
Ngumi yangu, sijui imefikaje,
iko kifuani.