Doa la Buluu

Kazi yangu ni vumbi.
Naliondoa kwenye filamu za katuni za zamani,
hapa Łódź, chini ya jengo lililokuwa kiwanda cha nguo,
picha moja baada ya nyingine, ishirini na nne kwa kila sekunde,
na bomba la joto linakohoa usiku kucha
kama mtu anayetafuta pa kuanzia mazungumzo.

Mashine hunisaidia. Huzungushia duara jekundu
kila kisichostahili: unywele, mkwaruzo, alama ya kidole
cha mtu aliyekula mkate wa siagi mwaka wa sabini na moja.
Huuliza: Futa? Nami hubonyeza: Futa.
Nimefuta mambo mengi. Sijutii.

Usiku mmoja wa Februari ikazungushia kitu
kwenye dirisha la mbwa mwitu fundi cherehani
(dakika tisa tu, watoto wa leo hawamjui):
doa la buluu, dogo kuliko punje ya mtama.
Futa?
Sijui nini kilinishika mkono. Nikalikuza.
Doa likaota mpini. Likaota mdomo, umepasuka.
Birika.

Halimo katika hadithi. Mbwa mwitu yule hanywi chai.
Linakaa pale picha kumi na moja,
haitimii nusu sekunde, mlango unafungwa,
basi.

Nikaufungua mkebe mwingine, wenye kutu.
Mfalme aliyemeza saa: nyuma ya vitabu vyake,
kikombe. Buluu ileile.
Mwezi uliokataa kuchwa: birika, limelala kati ya nyota.
Kuku rubani: kikombe, pembeni mwa usukani.
Birika, kikombe. Birika, kikombe.
Miaka sita ya filamu, na chini yake maongezi
ambayo mkurugenzi hakuyaagiza,
wala mkaguzi wa serikali, aliyezihesabu hata ndevu za mbuzi
wasije wakafanana na mkubwa fulani,
hakuyaona.

Wapaka rangi hawakuandikwa majina mwishoni.
Nikauliza huku na huku, nikapewa moja:
Halszka Wrzosek, ghorofa ya nne, lifti mbovu.

Miaka themanini na sita, kucha safi kupita kiasi.
Nikamwonyesha birika kwenye simu.
Akacheka hadi akashika meza.
"Hilo langu! Lilikuwa la ofisini, likivuja.
Nilichoka kupiga deki, nikalichora lione haya."
"Na vikombe?"
"Vikombe gani?"

Nikamwonyesha. Kimoja. Kingine.
Akanyamaza muda ambao mimi
ningesafisha sekunde tatu za filamu.
Kisha akasema, lakini si kwangu: "Ireneusz."

Meza ya pili kutoka dirishani. Mchora mawingu.
Maneno matano kwa wiki, manne ya kuazima brashi.
Alihamia Gdańsk. Alioa. Alifariki mwaka wa mafuriko.

"Nilizitazama zote ukumbini, na wanangu,
safu ya tatu," akasema. "Nilikuwa natazama birika langu."

Mficha uchi hazai, walisema wahenga.
Juu ya mficha kikombe hawakusema neno.
Nikanywa chai yangu. Ilikuwa imepoa.

Mlangoni akaniuliza: ile ya mwisho,
ya mwaka nilioacha kazi nikajifungua,
mna nini?
Nikamwambia sijaifikia bado.

Niliifikia Alhamisi.
Birika halimo. Kwenye meza ya sungura, kona ya kushoto,
kikombe kimefunikwa juu ya kisahani,
kama afanyavyo mgeni aliyekwisha shukuru
na sasa anatafuta kofia yake.
Picha nne tu.

Duara jekundu. Futa?
Nikabonyeza: Acha.
Picha ya pili: Acha. Ya tatu. Ya nne.
Ya tano ilikuwa na alama ya kidole,
cha nani sijui, kimeng'aa kwa siagi.
Nikakaa nikiitazama, bomba likikohoa.

Nimefuta mambo mengi.