Fomu ya Siwema

Mwalimu wa Chang'ombe, fomu yako nimeipata.
Ina alama za vidole vyangu vya vanishi, nisamehe,
na kuna visanduku ambavyo kalamu imekataa kuingia.

Salamu na adabu.
Siwema hasalimii. Anafika saa mbili kasoro kumi,
anatundika mkoba kwenye msumari uleule,
na siku mteja alipoutundikia kofia yake
asubuhi nzima ilipotea.
Jirani yangu Mkumbaru, wa kuchomea mageti, akasema:
"Mtoto hana malezi, jina lenyewe limeshatoa hukumu."
Nami nikacheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Kufuata maelekezo.
Wiki tatu nilimwambia hivi, kwa pumzi moja:
fungua hiyo mota ya mashine ya kusaga, toa shaba iliyoungua,
hesabu mizunguko, andika, ukitoka hapo
nipitie chai kwa Mama Tabu, ya tangawizi, usisahau chenji.
Alisimama na bisibisi mkononi
kama mtu aliyeulizwa njia katika mtaa asioujua.
Nikaongeza sauti. Sisi wa Gerezani
dawa yetu ya kila kitu ni kuongeza sauti.

Kisha umeme ukakatika.
Jumanne, saa tano. Grenda ikafa, kompresa ikashusha pumzi,
redio ya Mkumbaru ikakatwa ulimi katikati ya matangazo ya vifo.
Mtaa mzima ukalaani.
Siwema akainua kichwa.
"Fundi, chenji ya Jumamosi niliiweka kwenye kopo la skrubu.
Sikuila.
Grenda ikilia maneno yako yananijia yamevunjika.
Nayaokota. Ukileta mengine, ya kwanza yanadondoka."

Umeme ulirudi saa tisa.
Kopo nilikuwa bado nimelishika.

Sasa grenda iko nje, chini ya bati;
jua linaipiga, na mimi linanipiga.
Ubaoni naandika kwa chaki jambo moja.
Likiisha analifuta mwenyewe kwa kiganja,
naandika la pili.
Mtaa wa Msimbazi nilimnunulia viziba masikio, vyekundu,
elfu kumi na tano baada ya kubishana sana.
Akihesabu mizunguko, hakuna kumwita;
hata mteja mwenye haraka anaoneshwa benchi.
Na wale vijana wengine, Shabili na Mwinchande,
nawaona nao wanausoma ubao.
Kumbe nao walikuwa wanaokota.

Usidhani nimekuwa malaika.
Ijumaa iliyopita pampu ya msikiti ilisubiriwa, nikamfokea.
Akaingia chini ya meza ya kazi na bunda la waya kifuani.
Nikakaa sakafuni pembeni yake, bila neno,
mimi na magoti yangu ya miaka hamsini na sita,
wapita njia wakinitazama kama niliyeangusha pete.
Dakika arobaini.
Pampu ilichelewa. Watu walitawadha kwa ndoo.

Je, anafaa kuajiriwa? Ndiyo. Hapana.
Mwalimu, umeniuliza mimi habari zake yeye.
Geuza karatasi, nyuma ni kweupe,
nimeandika maswali uliyoyasahau:
Je, karakana inafaa?
Je, msimamizi humwita mtu mwizi
kabla ya kutazama ndani ya kopo?
Nimejipa alama mwenyewe. Zitazame, usimsomee mtu.

Mbele pale, kwenye Ndiyo, nimekoleza wino hadi karatasi imetoboka.

Na mwakani ukimleta mwingine, usinipe jina na picha tu.
Niambie kinachomuumiza masikio.
Niambie anataka msumari upi.

Saini yangu ni hiyo. Mhuri umekauka wino,
Siwema amekwenda kuununua.
Nimemwambia hilo tu.